Uzi wa Njiani

Bwenini,
Jumapili, 2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Shangazi, na kwamba mguu wake umeacha kulalamika. Mimi sijambo. Kikohozi kimekwisha, na kabla hujauliza: ndiyo, navaa sweta.

Nina habari ambayo imeninyima raha tangu Jumatano. Mwalimu wa muziki ameamua kwamba mwisho wa muhula kwaya haitaimba zile nyimbo za kupokea wageni. Anataka hadithi nzima iimbwe, mwanzo hadi mwisho, na watu wavae mavazi. Akauliza nani atatunga maneno. Darasa zima likaninyooshea vidole. Wananiona maktaba kila siku, basi wanadhani anayesoma vitabu vingi lazima ana vingine tumboni vinavyosubiri kutoka. Nilitaka kukataa, lakini sauti yangu ikachelewa njiani kama kawaida yake, na mwalimu akahesabu kimya changu kuwa ni ndiyo.

Nimechagua hadithi ya Wagiriki wa kale. Fundi mmoja hodari alifungwa kisiwani pamoja na mwanawe. Mfalme aliweka walinzi baharini na barabarani, akasahau kuweka walinzi angani. Fundi akaokota manyoya ya ndege, akayagandisha kwa nta, akapata mabawa jozi mbili. Akamwambia mtoto: usiruke juu sana, jua litayeyusha nta, usiruke chini sana, mawimbi yatalowesha manyoya. Mtoto akaruka, akafurahi, akasahau, akapanda juu. Nta ikayeyuka. Akaanguka baharini, hadithi ikaishia hapo.

Rafiki yangu Tarumbeta, yule mwenye sauti ya kuamsha bweni zima, ndiye atakayeimba kama mtoto. Mimi nitakaa nyuma ya pazia niwanong'oneze watakaosahau maneno. Ni kazi inayonifaa kabisa.

Sasa ombi. Wewe ambaye hutupi hata mwamvuli uliokanyagwa na gari, unaweza kutushonea mabawa kwa miamvuli mibovu? Jozi moja tu.

Nisalimie Shangazi.

Binti yako,
Konokono


Dukani,
Jumatatu, 10 Februari

Mwanangu Konokono,

Marahaba. Sisi hatujambo. Mvua hakuna, kwa hiyo miamvuli haivunjiki, kwa hiyo nina muda wa kuandika. Mguu wa Shangazi yako unalalamika bado, ila mdomo wake ndio unaoongoza.

Nimesoma hadithi yako mara mbili, ya pili kwa sauti ili Shangazi asikie. Hebu niambie, huyo ni fundi hodari wa nani? Nta! Mtu mzima anampandisha mwanawe angani kwa nta! Mimi hata mwamvuli wa kuvukia barabara siugandishi. Kitu cha kubeba mtu kinashonwa, mwanangu. Uzi wa nailoni, mshono wa kurudia, na fundo lifichwe ndani. Halafu lawama anatupiwa mtoto, eti hakusikia! Kosa ni la fundi. Mwambie mwalimu wako nimesema mimi.

Mabawa nitashona. Nina kitambaa cheusi kizuri cha miamvuli mikubwa.

Usikae dirishani ukitoka kuoga. Usisome kwenye mwanga hafifu. Kifungo cha juu cha shati ukifunge. Upepo wa huko sikuupenda tangu siku niliyokuleta. Usigawe biskuti zako zote, wala usiwanyime wenzako. Usikae mbele sana darasani, chaki ina vumbi. Wala nyuma sana, hutasikia.

Jambo jingine. Nimekuundia kiti chako hapa dukani, chenye mgongo, nimekiweka upande wa kivuli. Mwisho wa mwaka ukimaliza mitihani utakikuta. Utapokea wateja, mimi nitashona, na pasipokuwa na mteja utasoma vitabu vyako. Tangu mama yako atutoke nimekuwa nikiiwazia siku hiyo.

Baba yako

Mimi Shangazi: hicho kiti amekipaka rangi mara mbili na hataki mtu akikalie. Juzi mteja alijisahau, akafukuzwa kama kuku kwenye mchele.


Bwenini,
Jumapili, 23 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo nyote? Mimi mzima, kifungo kimefungwa mpaka kinanikaba.

Nilimsomea mwalimu yale maneno yako ya nta. Alicheka mpaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akacheka tena. Kisha akatulia, akasema, "Lakini mzee ana hoja. Shona." Basi katika wimbo wetu mabawa yameshonwa.

Ila umenitia kwenye shida, Baba. Nta ikiondoka, jua halina kazi. Mtoto hawezi kuanguka tena, kwa hiyo hadithi haina mwisho. Anaweza kwenda popote. Nimekaa maktaba wiki nzima nikijiuliza hiyo popote ni wapi. Nikiandika kwamba alirudi nyumbani, kalamu inagoma. Nikiandika kwamba alikwenda zake tu, naona uso wa fundi, nafuta.

Kiitikio, hata hivyo, kimekwisha. Usinikasirikie. Fundi anaimba onyo na kwaya nzima inarudia nyuma yake:

*Usiruke juu mno, jua halina rafiki,*
*Usiruke chini mno, maji nayo hayacheki,*
*Funga kifungo cha shingo, upepo haubishiki,*
*Na sweta usisahau, baridi haichezeki.*

Kwaya imezoea kurudia kila neno la fundi, hata likiwa kubwa namna gani. Jana fundi wetu alipiga chafya, nao wakapiga chafya.

Samahani kwa sweta. Ilikaa vizuri kwenye mizani ya shairi.

Binti yako,
Konokono


Dukani,
Jumamosi, 8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima. Mabawa yamo kwenye kifurushi hiki, nimeyatuma kwa basi la mizigo.

Nimekuwa fundi wa miamvuli tangu sijaoa, sijawahi kushona kitu namna hii. Kila bawa lina njiti saba na limetoka kwenye mwamvuli mkubwa mmoja. Nimeweka mkono wa kubonyeza karibu na kiganja: ukibonyeza, yanafunguka. Uzi wa njiani nimefunga kama kawaida. Unajua mwenyewe, hakuna mwamvuli unaoondoka mezani kwangu bila uzi, usije ukafumuka njiani ukamtoboa mtu jicho. Kata ukifika.

Kuhusu vipimo: hukuniambia vipimo vya huyo Tarumbeta, nami sikuona haja ya kuuliza. Nilitumia shati lako la zamani la shule.

Ule wimbo wa sweta Shangazi yako anauimba hapa dukani toka asubuhi. Wateja wawili wameshaujua. Mimi simo.

Usiyavae mabawa karibu na feni. Usiyavae kwenye ngazi. Usiyakunje yakiwa na unyevu.

Baba yako

Mimi Shangazi: hayumo, lakini anapiga mluzi.


Bwenini,
Jumapili, 16 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za Shangazi, habari za duka, habari za kiti?

Mabawa yamefika salama. Bweni zima lilikuja kuyatazama, hata matroni, ambaye huwa haji kutazama kitu ila akitaka kukifunga kabatini. Uzi wa njiani niliukata kwa meno, kama wateja wako.

Sasa sikiliza balaa lako. Tarumbeta aliyavaa, akavuta pumzi ya kuimba, na mkanda wa kifuani ukakataa kabisa kufungika. Akavuta pumzi ndogo. Sauti ikatoka kama ya kinanda kilichotoboka. "Mzee wako," akaniambia, "kashona mabawa ya njiwa, mimi ni bata mzinga." Mwalimu akatazama mabawa, akatazama bweni zima lililojipanga pale, akanitazama mimi. Baba, nilijua kabla hajafungua mdomo. Yalinikaa kama ngozi yangu.

Kwa hiyo Tarumbeta sasa ndiye fundi, na masharubu ya pamba; aliyekuwa fundi karudi kwenye kwaya. Mtoto ni mimi. Mbele ya pazia, mbele ya watu. Nimejaribu kuumwa tumbo lakini nesi wa shule ana uzoefu.

Jambo moja. Yanafunguka nusu tu. Nikibonyeza yananyanyuka mpaka usawa wa viwiko yanasimama, nafanana na kuku anayetaka kuruka ukuta halafu akaghairi. Je, ndivyo yanavyotakiwa?

Na jambo la pili, ambalo nimelisogeza mpaka mwisho wa ukurasa kwa uoga. Mwalimu ana mwenzake anayefundisha shule ya muziki ng'ambo, mwendo wa siku mbili kwa basi na kivuko. Aliwapelekea maneno ya wimbo wetu. Wamejibu kwamba nikimaliza mitihani yangu wana nafasi ya mtunzi mmoja, miaka miwili, ada hakuna. Nyumbani ningekuja mara moja kwa mwaka. Wanataka idhini ya mzazi kabla Aprili haijaisha.

Sijawajibu.

Binti yako,
Konokono


Dukani,
Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo.

Mabawa: nusu inatosha. Jukwaa lina kingo na watu wana macho.

Hilo la pili nimeliona. Mvua imeanza, kazi ni nyingi.

Baba yako

Mimi Shangazi: leo ameshona mwamvuli wa karani wa posta ndani nje. Hajawahi. Nimeshauriana na mguu wangu, tumekubaliana apewe muda.


Bwenini,
Jumapili, 30 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mvua ni ya kiasi, ivunje miamvuli na isivunje mapaa.

Umesoma barua zangu tangu nikiandika *b* na *d* zikitazamana vibaya, kwa hiyo unajua kwamba kitu kikubwa huwa nakiandika kidogo. Hiki nakiandika kwa ukubwa wake, maana nikikuacha ukisie, utakisia kile kitakachotufariji sote wawili.

Nataka kwenda.

Kiti nakipenda, na sijakikalia bado. Kinachonivuta ni huu wimbo. Kila nikiimba pale ambapo mtoto anaacha ardhi, natetemeka magoti, halafu kwa muda mfupi sana sitetemeki popote. Nataka kujua huo muda unaweza kuwa mrefu kiasi gani.

Ukisema hapana nitarudi, nitakaa kwenye kiti, na sitanuna. Hilo nakuahidi, nawe unajua sijui kununa, huwa nasahau katikati. Ila sema.

Onyesho ni Jumamosi tarehe 12 Aprili, saa nane mchana. Najua hufungi duka. Nimekwambia tu ili ujue saa ya kuniombea. Mstari wa mwisho wa wimbo bado sina. Mwalimu ananyoa ndevu kwa hasira.

Binti yako,
Konokono


Bwenini,
Jumapili, 13 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini ulifika nyumbani salama, na kwamba basi halikujaa, na kwamba viatu vyako vya harusi havikukuumiza. Nilipoviona juu ya benchi la nyuma nilidhani naota.

Wewe uliona onyesho kutoka chini. Nataka nikueleze lilivyokuwa kutoka juu, maana pale getini muda ulikuwa mfupi.

Sikujua kwamba umekuja. Barua yangu haikujibiwa, nikajiambia: amenyamaza, na kwetu kimya huhesabiwa kuwa ni jibu. Nikapanda ile meza iliyofunikwa shuka la buluu, yaani jabali la kisiwa. Ukumbi mzima ulikuwa vichwa. Tarumbeta akaanza maonyo yake, masharubu yakiwa yameachia upande mmoja, kwaya ikirudia. Walipofika kwenye sweta, watu wakaangua kicheko, na nyuma kabisa nikasikia mtu anacheka kwa kukohoa. Nikajisemea, duniani kuna wengi wanaocheka kwa kukohoa.

Kisha zamu yangu. Ubeti wa kwanza niliuimbia vidole vyangu vya miguu. Wa pili niliuimbia taa. Nikafika pale ambapo mtoto anaruka. Nikabonyeza. Mabawa yakanyanyuka mpaka viwikoni, yakasimama. Mtu mmoja mbele akasema polepole, "Kuku." Nami nilikuwa nimeshakubali, Baba. Nilikuwa nimejiandaa kuruka nusu.

Ndipo ile sauti ikatoka nyuma: "Kata uzi!"

Ukumbi ukageuka. Ulikuwa umesimama juu ya benchi. Wewe, ambaye hata posta hupangi foleni kwa kuona aibu.

"Uzi wa kushoto, mwanangu! Chini ya kwapa! Mweusi! Nimeushona ndani, umeshika yote mawili!"

Na kwaya yetu, Mungu awabariki, wamefundishwa muhula mzima kwamba baba akisema wao hurudia. Wakapokea kwa sauti nne: *Kata uzi! Kata uzi! Uzi wa kushoto, mwanangu!* Mpiga kinanda akatafuta ufunguo wa sauti hiyo akaupata. Watu wakadhani ndivyo ilivyoandikwa, wakaanza kupiga makofi kwa mwendo. Tarumbeta akapanda jabali, akaingiza kichwa kwapani mwangu, akaukata uzi kwa meno. Masharubu yalibaki humo humo, niliyatoa jana jioni.

Unaujua ule mlio wa mwamvuli mkubwa ukifunguka. Ulinifundisha kuupenda kabla sijajua kusoma. Sasa fikiria miwili kwa pamoja, mgongoni. Bawa la kulia liliangusha karatasi zote za mwalimu. La kushoto lilimvua fundi wangu kofia. Na kutoka pale juu, niliuona ukumbi wote, kila uso, mpaka wako, na magoti yangu yalikuwa yametulia kama meza.

Nikaimba ubeti wa mwisho. Uliona nilivyosimama kidogo kabla ya kumaliza? Ule ndio mstari niliokuwa sina. Niliupata pale pale ulipoketi tena kwenye benchi.

*Baba, mshono ni wako, safari iwe ni yangu,*
*Nikiruka usilie, tazama juu ya wingu,*
*Nawe unayo mabawa, ruka uje kando yangu,*
*Hukunishonea chini, ulinishonea mbingu.*

Mstari wa tatu niliutoa kwenye kitabu. Watu wote humkumbuka mtoto aliyeanguka. Lakini fundi alitengeneza jozi mbili, Baba. Yeye pia aliruka. Yeye pia alikuwa amefungwa kwenye kile kisiwa, na hakuna aliyewahi kumuuliza alionaje huko juu.

Getini ulishika mshono wa bega, ukauvuta, ukasema, "Umeshika." Halafu basi likapiga honi ukapanda. Sijui kama lile lilikuwa jibu. Nimelala nalo, nimeamka nalo. Sitauliza tena, nitangoja.

Binti yako,
Konokono

Mwalimu anauliza kama ile sehemu ya "kata uzi" unaweza kumruhusu aiache kwenye wimbo. Anasema ndiyo bora kuliko zote.


Dukani,
Jumapili, 20 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Tu wazima, na viatu viliniumiza.

Umeniuliza nilionaje. Ngoja nikujibu hilo kwanza, maana kweli hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilifunga duka Ijumaa saa sita. Nilirudi mara mbili kutikisa kufuli. Basi lilipopita daraja nikatoa kichwa dirishani, mimi ambaye nimekukataza madirisha tangu umezaliwa. Upepo wa huko si mbaya kama nilivyokuwa nikiusema. Kofia yangu imebaki huko darajani.

Ule uzi niliushona nikijidanganya kwamba ni wa usalama. Kila njiti niliyokaza niliona jukwaa, kisha mlango wa ukumbi, kisha barabara. Nikasema basi yafunguke nusu, mtoto ataruka nusu, atarudi. Halafu nikakuona pale juu umesimama kama kuku na umekubali. Kule kukubali ndiko kulikonisimamisha kwenye benchi. Nilimcheka yule fundi wa nta, kumbe yeye angalau alimwacha wake afungue mabawa yote.

Nenda. Idhini nimemtumia mwalimu wako kwa basi la asubuhi, na nimemwambia aibakishe "kata uzi," lakini huyo Tarumbeta asiniige sauti kiasi kile.

Kiti nimekitoa kivulini nimekiweka mbele, wateja wanakalia. Karani wa posta anasema kina mgongo mzuri. Mwakani, mvua ikikatika, nitafunga duka tena nije huko ng'ambo kukusikiliza. Nina jozi yangu.

Kwenye kifurushi hiki utakuta mwamvuli wa safari. Nimeushona wiki nzima, mshono wa kurudia, fundo ndani. Ukiufungua kifurushini mwenyewe utaona kitu ambacho hakijawahi kutokea katika duka hili. Nimeutafuta uzi wa njiani, nimeushika mkononi, nimeurudisha kwenye kopo. Ukitaka kufunguka njiani, ufunguke.

Baba yako

Mimi Shangazi: barua hii ilikuwa na sweta mahali patatu. Nimezifuta mwenyewe zote. Wewe vaa tu.